Mgonjwa huyu na aulizwe uji

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Makorora, Tanga. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 24, ni fundi pikipiki. Miaka miwili iliyopita alianza kukesha, akaziba madirisha kwa magazeti, akawa anasema majirani wanamjadili usiku kucha na kuna watu wametumwa kumfuata. Alilazwa wiki tano, tukaambiwa ni skizofrenia, maradhi ya akili. Alirudi na haloperidoli za miligramu 5, kimoja asubuhi na kimoja usiku, pamoja na vidonge vidogo vya benzeheksoli, kimoja kila asubuhi. Alimeza miezi kadhaa akaacha. Anasema yeye si mgonjwa, na vile vidonge vinamtia pingu mwilini.

Mwezi uliopita sauti zikarudi. Mama akaanza kusaga haloperidoli na kuitia kwenye uji bila kumwambia. Mimi nikimuuliza hunijibu kwamba mgonjwa haulizwi uji. Alianza na viwili kwa siku. Alipoona mtoto anazunguka uani hatulii, akaongeza cha tatu. Benzeheksoli hampi, kwa sababu tuliambiwa ni ya kutetemeka na yeye hatetemeki. Siku ya tatu tangu kuongeza, shingo ikampinda upande, macho yakapanda juu, taya likakaza asiweze kusema. Ami akasema jini limepanda. Akaitwa mtu akamsomea, baada ya saa kadhaa ikaachia. Kuzunguka bado anazunguka, tena zaidi.

Sasa ami anataka apelekwe kwa mganga upande wa Pangani akae miezi mitatu, dawa za hospitali ziachwe. Baba anamfokea kutwa kwamba ni uvivu. Wengine wanasema aozwe, akipata mke atatulia. Ramadhani inakaribia na mwenyewe anataka kufunga. Nami sijui hata nimjibu nini anaponiambia, "Dada, unawasikia?" Nikisema siwasikii ananuna, nikisema nawasikia naona namdanganya.

Dada Mtu, Makorora

Marahaba, mwanangu, na pole kwako na kwa mama.

Nianze na shingo. Iliyompinda si jini, na wala si skizofrenia. Ni haloperidoli. Dawa hiyo hupunguza sauti na hofu kwa kuzuia dopamini, mojawapo ya kemikali ambazo ubongo hutumia kupelekeana habari. Shida ni kwamba dopamini hiyohiyo ndiyo inayosawazisha misuli. Ikizuiwa kwa ghafla, misuli ya shingo, taya, ulimi na macho hukaza yenyewe bila mwenyewe kutaka. Jina lake ni distonia. Huwapata zaidi vijana wa kiume, na hutokea ndani ya siku chache tangu dawa ianze au ipandishwe. Sasa soma tena barua yako: alikaa bila dawa, ikarudishwa, ikaongezwa kidonge cha tatu, na siku ya tatu shingo ikaenda. Kuachia huwa inaachia yenyewe mara nyingi, ndiyo maana msomaji alionekana amefaulu. Ikirudi, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo. Kuna sindano ya kulegeza misuli hiyo, na kwa kawaida humfungua mtu ndani ya nusu saa. Ikishika koo, akawa anakoroma au mate hayapiti, hiyo ni ya kukimbia, msisubiri kukuche.

Benzeheksoli, ile ambayo wengi huiita Artane, ndiyo iliyokuwa inamkinga na jambo hilo. Mliambiwa ni ya kutetemeka, na ni kweli, ila kutetemeka ni tawi moja tu. Inazuia pia kukaza kwa misuli, kutembea kwa kuburura miguu na kutoka udenda. Huliwa asubuhi kwa sababu ikiliwa usiku huweza kumkosesha mtu usingizi. Tena muitunze: wapo vijana wanaoitafuta kwa ajili ya kulewa, na ikizidi humvuruga mtu akaanza kuona vitu.

Kisha kuzunguka uani. Hapa ndipo nyumba nyingi hukosea, na kosa lenyewe hulisha kosa lingine. Dawa za aina hii huweza kuleta hali ya mwili kutotulia, inayoitwa akathizia. Mtu hawezi kukaa wala kusimama, anakanyaga papohapo kama askari wa gwaride, akilala anainuka, akikaa anasukasuka magoti. Walio karibu huona wazimu umezidi, wanaongeza dawa, na dawa inaongeza kutotulia. Mama akaona anazunguka, akatia cha tatu, akazunguka zaidi. Njia ya kutofautisha ni kumuuliza mwenyewe, kwa upole na akiwa peke yake: "Kinachokutembeza ni sauti au ni miguu?" Mgonjwa anayesukumwa na sauti hutembea huku akisikiliza, akijibu, akigeuka nyuma. Mwenye akathizia atakwambia miguu inawaka, au ndani kunachemka, na akitembea hupata nafuu kidogo. Mdogo wako alishawaambia kwa maneno yake, kwamba vidonge vinamtia pingu. Mlimsikia kama mtu anayetafuta kisingizio.

Akathizia haitibiwi na benzeheksoli vizuri. Daktari hupunguza kipimo, au hubadilisha dawa, au huongeza propranololi kwa muda. Kama mdogo wako ana pumu, mtaje hilo kabla ya yote, maana propranololi huweza kubana kifua cha mwenye pumu. Msilichukulie kuwa jambo dogo. Wapo waliotamani kufa kwa ajili ya mateso haya tu, wakati sauti zenyewe zilikwisha kupungua.

Kwa hiyo kuanzia leo kidonge cha tatu kisitiwe. Mrudi kwenye kipimo alichoandika daktari, na kesho au keshokutwa wewe au mama mwende kliniki ya akili, hata kama yeye hataki kuja. Ndugu huruhusiwa kwenda kueleza. Kama kliniki yenu ni ile ya hospitali ya Bombo, chukueni kadi yake, mkiwa na vidonge vyenyewe mkononi, pakiti na vyote. Semeni ukweli kwamba alikaa muda gani bila dawa, kwamba mlimtilia kwenye uji, mlimtilia vingapi, na benzeheksoli mliiacha lini. Wengi huona aibu kusema la uji, wanadai amekuwa akimeza kila siku kama kawaida, na daktari anaamini dawa imeshindwa. Hapo huipandisha au huibadilisha bila sababu.

Sasa mama. Simlaumu, amefanya alichoweza akiwa peke yake jikoni. Lakini methali ile haimfai mgonjwa huyu. Ugonjwa wenyewe unamwambia kuna watu wana nia mbaya naye. Siku atakapokuta ungaunga chini ya bakuli, au uji ukiwa mchungu, atakuwa amepata ushahidi, na ushahidi huo utakuwa wa kweli. Ataacha uji, kisha wali, kisha chochote kilichopikwa nyumbani. Kuna wanaofikia kula mayai ya kuchemsha na ndizi za maganda pekee, kwa kuwa hivyo haviwezi kutiwa kitu. Halafu hesabu haishikiki: akiacha nusu bakuli amepata nusu dawa, na mama hajui ni nusu ipi. Na lipo la watoto. Uji uliobaki humalizwa na nani hapo nyumbani? Haloperidoli kwa mtoto mdogo huleta shingo ileile mliyoiona, na ni hatari kubwa zaidi.

Msiache kwa ghafla wiki hii kisha mkakaa kimya, kwani akikaa bila dawa kabisa mtarudi mlikotoka. Pana utafiti uliokusanya majaribio 65 na kuchapishwa mwaka 2012: kati ya wagonjwa 100 waliobadilishiwa vidonge vitupu visivyo na dawa, 64 waliugua tena ndani ya mwaka, kati ya 100 walioendelea na dawa, 27. Tofauti hiyo ni kubwa, na inaonyesha vilevile kwamba hata mwenye kumeza vizuri anaweza kurudiwa. Lengo ni kutoka kwenye dawa ya siri kwenda kwenye dawa anayoijua, kwa mpango wa daktari, ndani ya siku chache.

Utampataje akubali? Usianze na neno skizofrenia, wala usimtake akiri kwamba anaumwa. Wagonjwa wengi wa maradhi haya hawajioni kuwa wagonjwa, na hilo si ukaidi. Ni sehemu ya ubongo inayojitazama ndiyo iliyoguswa. Kubishana naye ni kama kumwambia mtu aliyevunjika mguu ajitie moyo atembee. Anza na kile ambacho yeye mwenyewe analalamikia. Bila shaka halali vizuri, miguu inamchoma, na anataka kurudi gereji. Mwambie: "Nimeelewa vile vidonge vilikuwa vinakutesa. Hatukujua. Nimemuuliza daktari, anasema kuna namna ya kuondoa pingu hiyo. Twende umwambie wewe mwenyewe." Hapo hamjakubaliana kuhusu majirani, mmekubaliana kuhusu miguu, na miguu inatosha kumfikisha kliniki.

Akifika huko, ulizeni mambo mawili. La kwanza, je, kipimo kinaweza kushushwa, au kuna dawa nyingine inayopatikana kama risperidoni au olanzapini? Hizo hukaza misuli kidogo kuliko haloperidoli, hasa olanzapini, ingawa olanzapini huongeza hamu ya kula na mwili kwa haraka, na inataka kupima uzito na sukari mara kwa mara. Akivuta sigara, mtajeni: moshi wa tumbaku hufanya ini liimalize olanzapini upesi, na mtu akiacha sigara ghafla dawa hupanda mwilini bila kuongezwa kidonge. La pili, ulizeni sindano ya muda mrefu. Inayojulikana zaidi kwetu ni flufenazini, wengi huiita Modecate. Huchomwa kwenye msuli, mara nyingi miligramu 25 kila baada ya wiki mbili hadi tano, baada ya kumjaribu kwanza na kiasi kidogo. Faida yake ni kwamba ugomvi wa kila asubuhi unakwisha. Ubaya wake ni kwamba ikimletea kukaza misuli huwezi kuitoa mwilini, unasubiri iishe. Ndiyo maana mtu aliyepinda shingo juzi, kama mdogo wako, hachomwi kabla daktari hajaisikia habari hiyo.

Muwe na subira ya aina inayojua tarehe. Usingizi na vurugu hutulia ndani ya siku chache. Sauti na shuku hupungua polepole, wiki mbili hadi sita. Uvivu anaousema baba huchelewa zaidi ya vyote na dawa huugusa kidogo sana. Kukaa kimya, kutooga, kutazama ukuta, kukosa hamu ya kazi, hiyo nayo ni skizofrenia, upande wake usio na kelele. Baba akiujua huo kwa jina lake labda atafoka kidogo.

Na kufoka kunahusu sana, si suala la adabu tu. Watafiti wa London, kuanzia miaka ya 1950, walifuatilia wagonjwa waliotoka hospitali wakaona waliorudi kwenye nyumba za lawama, uhasama, au kulindwa kupita kiasi waliugua tena mapema kuliko waliorudi kwenye nyumba tulivu. Hatari ilikuwa kubwa zaidi pale mgonjwa alipokaa uso kwa uso na ndugu hao zaidi ya saa 35 kwa wiki. Hawakusema familia ndiyo inayoleta ugonjwa, na mimi sisemi. Ila hesabu hiyo inawafaa ninyi wenye nyumba ya vyumba viwili na ua mmoja. Saa 35 ni saa tano kwa siku. Pangeni baba akiwepo nyumbani, mdogo wako awe pengine: kwa shangazi yake, msikitini baada ya adhuhuri, au gerejini kwa fundi mwenziwe kwa saa mbili tu, kazi ya kuosha vipuri na kupanga spana, sio kufungua injini. Saa mbili kila siku ni bora kuliko siku nzima Jumatatu na kuanguka Jumanne. Baba akitaka kusema jambo, aseme moja, fupi, lenye kitendo ndani yake. "Naomba ndoo hii uipeleke bombani" inafanyika. "Wewe lini utakuwa mtu?" haina pa kushikwa.

Hilo la kulindwa kupita kiasi namwambia mama na wewe. Kijana wa miaka 24 kuogeshwa na kulishwa, huku watu wakinong'ona mlangoni, nako kunamchosha.

Akikuuliza kama unawasikia majirani, usibishe na usikubali. Jibu lako ni hili: "Mimi siwasikii, lakini naona wewe unawasikia na wanakuudhi. Leo wamezidi?" Kisha geukia hali yake. Wanakuja saa ngapi zaidi? Wanapungua ukifanya nini? Wengi hupata nafuu wakivaa spika za masikioni wakasikiliza kaswida au mpira, wakisoma kwa sauti, wakiimba chini chini, au wakiwa na kazi ya mikono. Akisema sauti zinampa amri, uliza amri gani, bila kushtuka. Zikimwamrisha ajidhuru au amdhuru mtu fulani, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Na usiogope kumuuliza wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakupandi wazo. Takriban watu watano kati ya 100 wenye maradhi haya hufa kwa kujiua, na wakati wa kuchunga sana ni miezi ya mwanzo baada ya kutoka wodini, akili inaporudi na kuona kilichopotea. Vidonge vya mwezi mzima visikae chumbani kwake. Fungeni, mtoe vya siku.

Nunueni daftari la kurasa 40. Kila siku mstari mmoja: tarehe, amelala saa ngapi hadi saa ngapi, dawa imemezwa au la, amekula, na neno moja la hali yake. Usingizi ndio wa kwanza kuharibika. Ukiona siku tatu mfululizo amelala chini ya saa nne, au ameanza tena kukusanya magazeti, usisubiri tarehe ya kliniki. Kila Ijumaa hesabuni vidonge vilivyobaki. Vidonge viwili kwa siku ni 60 kwa siku 30. Vikibaki vya siku tano ndipo mtu aende kuchukua vingine, kwa sababu siku nyingine dirisha la dawa halina, na siku tano zinawapa nafasi ya kutafuta duka la dawa. Fedha ikiwa kikwazo, kabla ya kurudi mikono mitupu muoneni afisa ustawi wa jamii wa hospitali, ndiye anayeshughulikia maombi ya msamaha. Nendeni na barua ya mwenyekiti wa mtaa.

Huyo ami. Msigombane naye, kwani siku ya shida mtahitaji mikono yake. Mtu kusomewa Qur'ani, kuombewa, hata kombe la zafarani na maji safi, havina ugomvi na haloperidoli, na mgonjwa huweza kupata utulivu ndani yake. Wekeni masharti na myaseme mbele ya mganga mwenyewe: dawa za hospitali hazikatwi hata siku moja, hafungwi kamba wala mnyororo, hapigwi, hafukizwi chumba kilichofungwa, hanyweshwi mitishamba isiyojulikana, halali huko, na siku ya kliniki anakwenda. Mganga mwenye heshima atakubali. Anayekataa hayo amejieleza. Miezi mitatu Pangani bila dawa siikubali kwa namna yoyote. Ikiwa familia inatafuta mahali pa kukaa muda mrefu nje ya mji, hospitali ya Lutindi iko mkoani mwenu humohumo, milimani Korogwe, na imekuwa ikilaza wagonjwa wa akili tangu mwaka 1904. Kabla ya kupanda milima hiyo, ulizeni kliniki kama inafaa kwake.

Kuozwa hakutibu. Ni mke wa mtu atakayeingizwa kwenye jambo asiloambiwa. Akitulia mwaka na zaidi, akataka mwenyewe, mwanamke aambiwe kabla ya mahari.

Ramadhani inahitaji maneno zaidi. Kwa sheria ya dini mgonjwa amepewa ruhusa ya kutofunga, aya ya 184 ya Al-Baqara iko wazi, na imamu wenu anaweza kumweleza hilo vizuri kuliko dada yake. Akishikilia kufunga, kaeni na daktari wiki mbili kabla ili dozi za asubuhi na usiku zihamie daku na baada ya futari, au zote usiku. Msihamishe wenyewe. Sindano ya msuli wanazuoni wengi hawaioni kuwa inafunguza. Njaa haimtishi sana mgonjwa wa haloperidoli. Kinachomwangusha ni usingizi: tarawehe mpaka saa nne, gumzo la barazani mpaka saa sita, daku saa kumi. Apate saa sita au saba kwa jumla, hata kwa kulala baada ya alfajiri, na barazani arudi mapema. Baada ya futari anywe maji glasi kadhaa, na papai liwepo mezani, kwa kuwa benzeheksoli hukausha mdomo na kufunga choo. Usingizi ukishuka chini ya saa nne kwa siku tatu, saumu isimame. Mirungi ya kukeshea ni marufuku kwa sheria ya nchi, na kwake ni petroli juu ya moto. Bangi vilevile.

Jambo moja linachanganywa na malaria. Mgonjwa anayetumia dawa hizi akipata homa kali huku mwili umekuwa mgumu kama ubao, anatoka jasho na maneno yamepotea, msimpe haloperidoli nyingine na msimtibu malaria nyumbani. Huo ni mwitikio mbaya wa nadra wa dawa, unaua, na unahitaji kulazwa. Mkifika, sentensi ya kwanza iwe jina la dawa anayotumia.

Siku akichafukwa kweli, azungumze mtu mmoja tu, anayempenda. Nadhani ni wewe. Wengine watoke, redio izimwe, watoto waende kwa jirani. Simama mbali kidogo, ubavu ubavu, usimzibie mlango. Panga, visu vya samaki, kamba na sumu ya panya viwe vimeondolewa siku nyingi kabla. Ongea kwa sentensi fupi. Ikibidi ashikwe, washike wanaume wanne waliokwisha kupangwa, mmoja kila kiungo; asilazwe kifudifudi na asikaliwe mgongoni, mtu hukosa pumzi akafa huku watu wanadhani ametulia. Msimfunge mikono kwa kamba kumpakia bodaboda: kamba huua mishipa ya fahamu ya viganja, na fundi bila viganja si fundi. Chukueni bajaji au gari, mmoja kila upande. Mwenyekiti wa mtaa ajue mapema, na majirani wawili watatu waambiwe kwamba kijana huyu ni mgonjwa, akikimbia barabarani asiitiwe mwizi. Neno hilo limemaliza wagonjwa wa akili kabla ndugu hawajavaa viatu.

Na uji, mama aendelee kuupika. Aupike mbele yake, sufuria moja, upawa mmoja, mdogo wako ajipakulie mwenyewe na mama ale kwenye sufuria hiyohiyo. Kidonge kiwe juu ya meza, ndani ya pakiti yake, pembeni ya glasi ya maji. Siku za kwanza huenda asikiguse. Andikeni kwenye daftari kwamba hakukigusa, mmpelekee daktari.